Kuku Aliyekimbia Mayai Yake

Ninyi mnaoingia uani kwa watu kuomba chumvi au kaa la moto, msihangaike kutazama viti vyao wala sahani zao. Tazameni kuku wao. Kuku hajui kuficha mambo ya nyumba.

Asubuhi moja ya mwaka wa sabini na sita, huko Kapata, kambi ya wachimba shaba, ua wa Simone ulikuwa umetulia kama maji ndani ya mtungi. Mume wake, Badibanga, alikuwa amekwisha kwenda kazini. Ua umefagiliwa, mbabula, lile jiko la makaa, inatoa moshi wake wa mwisho, na pembeni ya jikoni, ndani ya kitunga cha zamani, kuku mwekundu amelalia mayai tisa. Simone alikuwa ameyatia alama ya makaa, yai moja moja, ili kuku wa jirani wasije wakaongeza yao kwa siri.

Kando ya kitunga aliketi Mianda, binti yake wa miaka sita. Ndiye aliyempa kuku jina: Citoyenne. Ni Kifaransa, maana yake mwananchi; siku zile kila mama aliyeingia ofisini aliitwa hivyo, na Mianda hakutaka kuku wake akose heshima.

"Citoyenne, ulilala muzuri?" alinong'ona. "Batoto bako banalala?"

Simone alisimama na ufagio wake bila kufagia, apate kusikia. Tangu kiangazi mtoto huyu hakusema tena na watu wazima. Ukimwuliza jambo, anatikisa kichwa. Kwa baba yake ndiyo kabisa, hata kichwa hatikisi. Sauti yake yote ilikuwa imebaki kwa kuku.

Saa tisa mchana sirene ya kazi ikalia. Citoyenne akanyoosha shingo. Kisha botini zikasikika njiani, mlango wa bati wa ua ukapigwa teke, na sauti ya Badibanga ikamtangulia kuingia.

"Bukari iko wapi? Juu ya nini hii beseni iko mu njia?"

Beseni likaruka upande wake, Citoyenne akaruka upande wake. Alipita juu ya waya wa ua, akaacha manyoya hewani, na mayai tisa yakabaki wazi kwenye upepo. Saa nzima hakurudi.

"Kuku ya bulozi hii, ya uchawi," alisema Badibanga. "Mara ya kwanza mayai yote ilioza. Ikioza tena, siku ya Mungu ataingia mu chungu."

Mianda hakuonekana. Wala hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Tusimseme Badibanga kupita kiasi. Hakuwa mlevi. Posho ilifika nyumbani yote, mpaka unga wa mwisho. Lakini alifanya kazi kwenye mashine ya kuvunja mawe, mahali ambapo mtu akitaka nyundo anaiomba kwa kupiga kelele, na shefu akitaka kitu anakidai kwa matusi. Miaka tisa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, la kulia likawa nusu. Kelele ile aliileta nyumbani kila siku, akaiweka mezani, watu wake wakaila pamoja na bukari, ugali wao wa kila siku. Jirani walisikia, maana kuta za kambi ni nyembamba. Mama Adolphine wa nyumba ya pili aliongeza sauti ya redio.

Simone aliamini kuku anaumwa. Alimtilia pilipili katika maji. Aliweka majivu chini ya mayai kwa ajili ya chawa. Alihamisha kitunga mara mbili, akakifunika na kipande cha kitenge. Alimwuliza Adolphine, naye akajibu, "Kuku ya vile, dawa yake ni nyanya na kitunguu."

Hapo Simone akakumbuka kwamba akimpoteza Citoyenne atapoteza na sauti ya mtoto wake. Siku ya kumi ya kulalia akamwita Tata Nasoro, yule Mwislamu aliyeleta kuku toka vijijini juu ya baiskeli, aliyemwuzia kuku huyu.

"Tata Nasoro, uliniuzisha kuku mugonjwa!"

"Miye? Mama Mianda, ile kuku ilitoka mbali juu ya baiskeli yangu, haikukohoa hata mara moja. Miye njo nilikohoa."

Hata hivyo alichuchumaa. Alifungua jicho la Citoyenne kwa kidole gumba, akanusa mdomo, akapuliza manyoya chini ya bawa, akachunguza hata mavi yake. Alifanya kazi hiyo taratibu, akimsemesha kama anasemesha mgonjwa wa watu.

"Haina na chawa, haina na mafua. Hii ni kuku muzima. Iko na woga tu. Inaogopa nini, mama?"

Simone akatazama vidole vya miguu yake. "Sijue, tata."

Alijua, ndugu zangu. Kuna mambo mke anayajua mgongoni kabla ulimi haujakubali.

"Bon," alisema Nasoro. "Nitaikala kidogo. Ugonjwa ukipita hapa, nitauona."

Wakampa kiti na maji. Saa tisa sirene ikalia. Citoyenne akanyoosha shingo. Nasoro akaona kwamba na Mianda amenyoosha shingo vilevile, sawasawa na kuku. Botini, teke, bati, sauti. Kuku juu ya waya! Nasoro alipogeuka kumtazama mtoto, mahali pake palikuwa patupu.

"Mama," alisema polepole, "bugonjwa ya kuku yako minaiona. Inavaa botini."

Badibanga alishika maneno hayo na nusu ya sikio lake. "Unasema nini? Kapata muzima banaume banavaa botini!"

"Njo vile, tata. Basi tupime. Niazime zako."

Watu wengine wangepigana. Lakini Badibanga alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hupenda kupimwa. Akavua botini. Simone akamkamata Citoyenne nyuma ya nyumba, akamrudisha kwenye mayai, akamshika mgongo mpaka moyo wake ukatulia. Ndipo Nasoro, mtu mwembamba kama mpini wa jembe, akaingia na botini za mchimba shaba. Alitembea kama bata aliyekanyaga matope, akapiga bati teke, karibu aanguke. Citoyenne aligeuza jicho moja tu. Na nyuma ya pipa la maji kicheko cha mtoto kikatoka, kidogo, kama maji yanayotafuta njia. Mianda akatokeza kichwa.

Simone aliziba mdomo kwa mkono.

"Sasa weye, tata. Miguu mitupu."

Badibanga akaingia peku, bila teke, anacheka kwa kuwa ameshinda. "Si munaona? Haina kitu!"

Hilo tu, kwa sauti yake ya kila siku. Citoyenne alikuwa amekwisha kupita waya. Kicheko cha Mianda kilikatika kama uzi, na kichwa chake kikazama nyuma ya pipa.

Badibanga alilifuata pipa lile. Huko nyuma, katikati ya pipa na ukuta, udongo ulikuwa laini, umekaliwa siku nyingi. Palikuwa na kipande cha gunia cha kukalia. Gunzi la hindi limevishwa kitambaa kama mtoto mchanga. Tonge la bukari lililokauka. Na binti yake, ameziba masikio kwa mikono miwili, amefumba macho.

Mtu huyu alidhani anaogopwa na kuku tu.

 Nasoro akavua botini, akazipanga vizuri mlangoni, akachukua baiskeli yake. "Kuku nilikuuzishia muzima, mama," alisema kwa upole. "Mukae na amani."

Msifikiri nyumba ilipona siku hiyo. Kesho yake Badibanga alifika, akasimama nje ya mlango wa bati, akavuta pumzi, akavua botini, akaingia. Alisema kwa sauti ndogo mpaka Simone akamwuliza kama anaumwa. Siku ya tatu chumvi ilizidi kwenye mboga, naye akasahau, akanguruma. Kuku juu ya waya. Basi Badibanga akavua shati lake la kazi, lenye joto la mwili, akayafunika mayai, akakaa chini kando ya kitunga mpaka Citoyenne aliporudi. Nyuma ya pipa jicho moja lilikuwa linamtazama.

Siku ya ishirini na moja ya kulalia ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, ile ya chungu. Mchana vifaranga vitano vilikuwa vimetoka. Yai la sita lilikuwa na ufa mdogo, halitikisiki. Badibanga aliliweka kwenye sikio la kulia. Akangoja. Akalihamisha, akalirudisha.

"Simone, miye sisikie kitu. Imekufa?"

Kabla mama hajajibu, Mianda alitoka nyuma ya pipa. Alikuja hatua moja, akasimama, akaja nyingine. Akalichukua yai toka mkononi mwa baba yake, akaliweka sikioni. Kisha akavuta mkono wake. Ilimbidi mwanaume yule mkubwa apige magoti, na mtoto akaweka mdomo kwenye nusu ya sikio iliyobaki.

"Iko inalia, tata. Pole pole."

Badibanga hakuinuka upesi. Simone aligeuka kwenye mbabula, akasema moshi umemwingia machoni, na mbabula haikuwa na moto.

Kifaranga cha sita kilitoka jioni. Mayai matatu hayakuanguliwa kamwe. Yalikuwa yamepoa zamani, kabla ya botini kuvuliwa. Badibanga aliyazika mwenyewe, akapasawazisha kwa mkono.

FUNDISHO

Tata na mama, nyumba haina mlango wa kuacha kelele nje, isipokuwa mdomo wa mwenye nyumba. Shefu akikutukana, usimletee mke na watoto matusi yake kama posho. Usiseme, "Mi sipige mutu." Kelele nayo ina ngumi. Mtoto aliyenyamaza siyo lazima ana adabu, labda amepata mahali pa kujificha. Nenda utazame nyuma ya pipa.

Nanyi jirani, mliosikia mkaongeza redio: aliyeuliza swali alikuwa mwuza kuku. Msingoje mgeni awaulizie watoto wenu.

Na wewe unayetaka kubadilika, badilika leo. Mayai sita yalingoja. Matatu hayakuweza.