Jina Ililopewa Kompyuta

Jumatatu mvua ikinyesha Bugembe, kompyuta ilionyesha kwamba simu tatu zinatumia mtandao. Khainza alikuwa na simu moja, na jirani yake Bushira moja. Hapakuwa na mwingine aliyejua neno la siri.

Ilikuwa kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe. Khainza aliichomekea modemu, akaifanya igawe intaneti kwa nyumba zote mbili, apate kumwona binti yake Juliet, aliyekwenda kujifungulia Mbale kwa shangazi zake. Kompyuta ilipotaka mtandao upewe jina, aliandika Mafabi, jina la mumewe. Mashine ilikuwa ya Mafabi. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Mjukuu alizaliwa Jumanne, akilia. Alilia Jumatano na Alhamisi, titi hakushika. Hospitali hawakuona ugonjwa. Wagisu, watu wa kabila lao, wanakijua kilio hicho: mtoto anadai jina la marehemu wake, na akitajiwa lililo lake hunyamaza. Shangazi walianza na la babu yake, Mafabi, wakaendelea hadi majina kumi na saba. Mtoto alizidi kulia, sauti ikikauka.

"Mama, anakwisha," Juliet alisema Ijumaa alasiri, uso wake ukitetemeka kwenye kioo cha simu.

Hapo kilio kikaanza kutoka ndani ya kompyuta pia, ambayo spika zake zilikufa zamani, kikaja na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na feni yake ikapunguza mwendo ikawa inavuta na kutoa kama mtu aliyelala chali, na kila ilipovuta mtoto wa Mbale alikatika sauti, na kila ilipotoa alirudi kulia, mpaka Khainza akajikuta anapumua kwa kuifuata.

Alibisha kwa Bushira. Mume wa Bushira, Sheikh Swaib, akaja na tasbihi yake.

"Mlokole wetu leo kamwita sheikh," Bushira alinong'ona, lakini harufu ilimkata utani.

Swaib aliuliza jambo moja tu: mtandao unaitwaje. Alipoambiwa, akamgeukia Khainza.

"Jina lilikuwa linamngoja mjukuu, dada. Umeliweka mahali pasipo na mtu, na kuna kitu kimeliitikia."

"Ni mume wangu?"

"Sijui. Sitaki kukudanganya. Lifute."

Swaib akasoma kwa sauti ya chini. Khainza alifuta herufi moja, ikarudi. Akafuta tena, ikarudi, vidole vikifa ganzi, hadi jina likatoka lote na zile simu tatu zikawa mbili. Akazima kompyuta, akachomoa modemu. Harufu ikaondoka.

Juliet akapiga simu ya kawaida, akilia kwa furaha. Walikuwa wamemtajia Mafabi mara nyingine, akanyamaza papo hapo, na sasa ananyonya. Khainza aliketi sakafuni.

"Ila Mama," Juliet akasema, sauti ikishuka, "simu yangu imejiunga na mtandao yenyewe. Uko karibu sana, humu chumbani. Unaitwa Mafabi."

Khainza aliitazama kompyuta. Ilikuwa imezimika, baridi. Lakini simuni, nyuma ya sauti ya binti yake, alimsikia mtoto akipumua polepole, akivuta na kutoa, mwendo ule ule wa feni.