Glavu za Kipa Rozeni

Ijumaa moja ya Oktoba 1951, saa mbili asubuhi, Bwana Rozeni alifungua sanduku lake la bati akakuta glavu hazimo. Kufika saa tatu, mpishi wake Fransisko alikuwa katika mahabusu ya Nachingwea kwa shtaka la Rozeni, kwa kuwa tu ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba. Hakuulizwa hata neno moja.

Kesi ikamwangukia Koplo Shaibu, mtu wa maneno machache na macho mengi.

"Saa ya mkono imebaki?" alimwuliza Rozeni.

"Imebaki. Na redio pia."

"Mwizi gani huyo, anaacha saa anabeba glavu, na joto hili!"

Rozeni, karani wa stoo kwenye mashamba ya karanga, aliketi kitandani akaeleza. Alianza kudaka huko Viena mwaka 1911, Myahudi pekee katika timu yake, akadaka miaka kumi na minane. Baadaye wakaja watawala waliosema kila kilichoharibika kimeharibiwa na Wayahudi. Klabu ikafuta jina lake. Mkewe, aliyezifuma glavu zile kwa uzi wa pamba, hakutoka hai mikononi mwao. Sasa Rozeni aliifundisha timu ya Nachingwea, na kabla ya kila mechi alizishika glavu zile kidogo, akazirudisha sandukuni.

"Wachezaji wanakuona ukizishika?"

"Wote."

"Jana walikuja nani?"

"Saadi wa Ruangwa, kuuza ufuta. Aliishia barazani. Na Dastani, kipa wangu, saa kumi, kuchukua jezi humu chumbani."

Kesho yake Nachingwea ilikuwa icheze na Ruangwa, kwa hiyo Shaibu alianza na Saadi. Alimkuta sokoni.

"Afande, nizipeleke wapi? Kipa wetu anadaka mikono mitupu, na kesho tunawafunga vilevile!"

Mwamini, muuza vitumbua na jirani wa Rozeni, alimtetea: ufuta wote wa Saadi ulimiminwa pale barazani mbele yake, kikapu kikaondoka kitupu.

Saa kumi jioni Shaibu alikwenda kutazama mazoezi, Rozeni akiyaongoza kwa filimbi. Dastani alikuwa na mkosi. Mechi iliyopita alifungwa mabao sita, watu wakamzomea hadi mlangoni kwa mama yake. Leo aliruka vizuri kulia na kushoto, lakini kila alipopita katikati ya goli aliinua mguu juu, asikanyage. Walipobadilisha upande, akafanya vilevile.

"Dastani, hebu simama hapo katikati."

"Hapo... hapana, afande."

Shaibu akaomba jembe. Alipochimba kina cha kiganja tu, ikatoka glavu moja ndani ya kitambaa. Ya pili ilikuwa katika goli la pili.

"Nilidhani ndiyo dawa yake," alisema Dastani, akilia. "Kila mechi anaishika. Dawa ya golini haikanyagwi na aliyeifukia. Na timu hubadilishana magoli, ndiyo maana nikazigawa."

"Na kipa wa Ruangwa naye akisimama hapo hapo?"

Dastani akajishika kichwa. "Mama yangu wee! Hilo sikulifikiria."

Uwanja mzima ukacheka. Rozeni hakucheka.

"Sijawahi kudaka nazo," alisema taratibu. "Tulidaka mikono mitupu. Mke wangu alizifuma kwa ajili ya baridi ya njiani."

"Nimfungulie mashtaka?"

"Hapana. Huyu alitafuta msaada. Mwenye kosa kubwa ni mimi."

Saa kumi na moja unusu Fransisko alitolewa. Rozeni alimnyooshea mkono, Fransisko hakuupokea.

"Nimekupikia miaka mitatu, Bwana. Ungeniuliza tu."

"Mimi nami hawakuniuliza," alisema Rozeni. "Walisema ni Myahudi, ikatosha."

"Basi ulijua, Bwana. Ulijua inavyouma, na bado ukanifanyia."

Akashika njia ya kwao Ruponda, kwa mkewe Dionisia, bila kugeuka.

Rozeni alimgeukia Shaibu, aibu imemjaa usoni.

"Ruponda ni mbali?"

"Kwa miguu yako utafika kesho," alisema Shaibu. "Na kesho kuna mechi."

Rozeni akavua filimbi shingoni, akampa Shaibu, akaanza kutembea kuelekea Ruponda.