Vipele vya Dari

Jumatatu ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa namlisha Mama supu kwa kijiko, mara kipande cha dari kikadondoka ndani ya bakuli.

Dari ya chumba chake ilikuwa ya kizamani, ya plasta iliyovutwa vipele vipele. Baba aliipiga plasta hiyo mwenyewe nilipokuwa mdogo, amejifungia chumbani kutwa nzima. Alikuwa karani wa posta. Hakuwahi kushika mwiko kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Tulimtania miaka na miaka kwamba ameharibu chumba kizuri, naye hakucheka wala hakujitetea.

Sasa Baba hayupo, na Mama alikuwa mwaka wa pili kitandani. Kiharusi kilimchukua mwili mzima, ulimi nao, kikamwachia macho tu. Akikubali alifumba mara moja, akikataa mara mbili. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumgeuza, na nilikuwa nimemwahidi kwamba hatapatwa na baya maadamu nina mikono. Lakini vumbi la dari lilimkohoza mpaka midomo ikabadilika rangi, nikaona hapana, nikampigia kaka yangu. Kaka ni mtu wa kuamua. Hujamaliza kueleza shida, yeye ameshamwita fundi.

Fundi huyo mtaani wanamwita Taratibu, maana hana haraka hata nyumba ikiwaka moto. Alikata kwanza kipande cha plasta kikapelekwa kupimwa, kwa kuwa zile za zamani nyingine zina nyuzi zinazoharibu mapafu. Majibu yakaja kwamba ni salama.

Kaka akainama kwenye sikio la Mama. "Mama, tunakwangua dari. Itakuwa laini, safi, hutakohoa tena."

Mama akafumba mara mbili.

"Usiogope vumbi. Tutakuhamishia sebuleni."

Mara mbili. Kisha mara mbili tena, kwa nguvu, machozi yakimtoka.

"Hapendi kusumbuliwa tu," kaka akasema. Mimi nayajua macho ya mama yangu, na nilijua si hivyo. Nikanyamaza. Kila nikikumbuka ninajichukia.

Taratibu akatandika nailoni, akanyunyiza maji darini, akasubiri plasta ilainike, ndipo akaanza kukwangua. Ilikuwa inashuka vizuri, mabonge mabonge. Mara akasimama kwenye ngazi.

"Dada, vipele vya kawaida hupigwa kwa brashi," akaniambia. "Hivi vimevutwa kimoja kimoja, vikachongwa ncha. Ni kama zile chupa zinazopachikwa juu ya ukuta wa ua."

"Chupa za nini sasa, ndani ya nyumba?"

"Kwenye ua huwekwa ili mtu asipite."

Akacheka kidogo. Nami nikacheka, ili nisionekane mjinga.

Chini ya plasta, kwenye mbao za dari, tulikuta nyayo. Za miguu mitupu, kavu, zenye rangi ya udongo. Zilianzia juu ya mlango, zikaelekea kitandani, zikakomea katikati ya dari. Kaka akasema mafundi wa zamani walizikanyaga hizo mbao kabla ya kuzipandisha. Maelezo yalikuwa na akili, na sote tuliyahitaji. Zikapigwa rangi nyeupe mara mbili.

Ijumaa, rangi ilipokauka, tukamrudisha Mama kitandani kwake. Nikaenda jikoni kuosha vyombo. Jua lilikuwa kali, redio ya jirani ikiimba. Niliporudi, nyayo zilikuwa zimeendelea.

Zilitoka katikati ya dari mpaka juu ya kitanda. Hapo miguu miwili ilikuwa imesimama pamoja, vidole vikielekea kwenye uso wa Mama.

"Mama," nikanong'ona. "Kuna mtu aliingia?"

Akafumba mara moja.

"Ameshatoka?"

Mara mbili. Kisha macho yake yakahama polepole kutoka darini, yakapita juu ya kichwa changu, yakatulia nyuma yangu.

Sikugeuka. Nilimkumbatia Mama nikamvuta kutoka kitandani, nikakimbia naye hadi sebuleni. Huko ndiko nilikogundua mambo mawili. Nilikuwa nimembeba peke yangu, kazi ambayo siku zote ilitutaka wawili. Na nyayo za miguu yake, ambayo haikuwa imegusa sakafu karibu miaka miwili, zilikuwa na rangi nyeupe ya dari.

Tulimwita Taratibu arudishe vipele. Plasta ikakataa kushika. Aliipiga mara tatu, na mara tatu ikateleza chini. Akafungasha vyombo vyake haraka, yeye Taratibu, akaondoka bila kusubiri chai.

Tukamhamishia Mama kwa kaka. Kesho yake saa nane mchana, nyayo zilikuwa kwenye dari ya kaka. Tukampeleka hospitali. Daktari akampima uzito, akaipiga mizani teke, akampima tena. Akasema mizani ni mbovu, turudi nyumbani tumpe lishe.

Nikarudi naye. Ningekwenda wapi tena?

Nikawa silali, siogi, sitoki kitandani pake. Nilimfunga kwa kanga yangu, kiuno kwa kiuno. Haikusaidia. Nikipitiwa na usingizi mchana hata dakika mbili, naamka namkuta na rangi mbichi miguuni. Na mwepesi zaidi. Jumapili nilimwinua kwa mkono mmoja. Jumatatu godoro halikubonyea chini yake.

"Mama, nifanye nini?"

Akaniangalia tu. Hakufumba.

"Kuna la kufanya?"

Mara mbili. Polepole sana, kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Jumanne kaka alikuja kunipokea zamu. Tulikuwa wote wawili chumbani. Kanga ilikuwa kiunoni mwangu. Nilihisi fundo limelegea, nikatazama chini kulikaza.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Shuka lilikuwa limechomekwa vilevile nilivyolichomeka. Dirisha limefungwa. Kaka alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, anatazama juu. Jozi mbili za nyayo zilivuka dari bega kwa bega. Jozi ya pili ilikuwa ndogo, ikitembea vizuri, miguu yote miwili. Zilifika kwenye kona. Zikaishia hapo.

Polisi waliandika kwamba mgonjwa ameondoka nyumbani bila kuaga. Mtu ambaye hakuweza kufukuza nzi usoni.

Walipokwenda zao, nikaleta ngazi nikapanda. Nikaweka kiganja juu ya ule unyayo mdogo wa mwisho, pale konani. Ulikuwa na joto la mwili.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Leo asubuhi, kabla ya kuandika haya, nimepanda nikaugusa tena. Haujapoa.