Jina la Mama Ngoyi kwenye Tovuti

Kila siku Mignonne alirudi kutoka shule, akavua sare, akala bukari, ugali wa kwao, ukiwa baridi kama umebaki, kisha akashika mchi. Yeye alitwanga karanga, mama yake, Kabedi, alitwanga mizizi mikavu ya porini. Vitu hivyo vikichanganywa na pilipili na kupikwa taratibu vinatoa kikanda, chakula kinachokatwa vipande kama mkate, ambacho watu wa Katanga wanakipenda kupita kiasi. Kupika hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kumpata wa kununua.

Zamani walikaa Musonoi, jirani na shimo kubwa la mgodi, na huko wateja ndio waliomtafuta Mama Kabedi. Kisha shimo likapanuka, kampuni ikataka mahali penye nyumba, na tingatinga zikaja. Watu walipewa fedha kidogo, kila mmoja akaenda alikoweza. Kwa Mama Kabedi ilikuwa mara ya pili maishani kufukuzwa. Mara ya kwanza alikuwa mtoto, ile miaka ya tisini watu wenye asili ya Kasai walipopakiwa kwenye treni na kuambiwa waende kwao, ingawa wengi wao walizaliwa hapahapa. Alirudi akiwa mkubwa. Safari hii hakulia, alifunga vyombo upesi tu, kama mtu aliyekwisha kuizoea kazi hiyo.

Sasa walikuwa mtaa wa Kapata, ambako hakuna aliyewajua. Baba, Tata Mukuna, alipoteza kazi bei ya madini iliposhuka, akawa anazunguka mjini akitafuta kibarua. Jioni moja Mama Kabedi alitazama vipande vya kikanda vilivyobaki kwenye sinia na kusema, "Juma ijayo mi nitaenda kusafisha mawe mu mutoni, kama bamama bengine."

Mignonne aliogopa sana. Kusafisha mawe ya madini ni kusimama ndani ya maji machafu tangu asubuhi, na kifua cha mama yake kilikuwa kibovu tayari. Kila usiku alimsikia akikohoa.

Kesho yake alikwenda mtaa wa Manika kwa binamu yake Jeancy, kijana mwenye duka la fotokopi na kompyuta moja. Jeancy alikuwa na huruma, na kazi haikuwa nyingi siku hizo. Walitengeneza tovuti: picha ya kikanda, bei, namba ya simu ya Mama Kabedi, na maelezo kwamba mizigo inatumwa kwa basi hadi Likasi na Lubumbashi. Mignonne alichagua rangi. Waliituma kwa kila mtu waliyemjua.

Baada ya siku chache Jeancy alikuna kichwa mbele ya kompyuta. "Angalia. Batu banaingia mara moja, banaangalia, banaenda. Habarudie. Hakuna anakomande hata kipande moja."

"Juu ya nini? Kikanda iko muzuri!"

"Weye unajua iko muzuri. Beye habajue. Enda kuuliza bakiliya ya mama, baseme maneno yao, tutaiweka hapa. Mutu anapenda kusikia mutu mwenzake."

Shauri lilikuwa jema, lakini wateja wa zamani walitawanyika, na wale wachache waliobaki mjini walikaa mbali kwa miguu. Mignonne alikuwa amechoka. Alichoka kutwanga, alichoka kutembea, na zaidi alichoka kuhesabiwa maskini. Jeancy alipotoka kwenda kununua karatasi, yeye alikaa mbele ya kompyuta na kuandika mwenyewe. Jina la kwanza lililomjia ni la jirani yao wa Musonoi. "Mama Ngoyi, Likasi: Kikanda ya Mama Kabedi inapita zote. Nakula kila siku!" Chini yake akatunga wengine wawili.

Alijiambia hakuna atakayeumia. Hakuna aliyejua Mama Ngoyi alikwenda wapi, basi nani atakuja kubisha? Jeancy aliporudi akauliza, "Ulishabapata?" Mignonne akajibu ndiyo.

Jumapili, walipotoka kanisani, simu ya Mama Kabedi ililia. Sauti ilikuwa kubwa, hata Mignonne aliisikia.

"Mama Mignonne! Ni mi Henriette, dada ya Ngoyi! Aksanti, aksanti sana! Mungu akubariki!"

"Henriette! Aksanti ya nini, dada?"

"Niliona jina ya Ngoyi mu interneti, eko anasifu kikanda yako. Nililia, mama! Tangu babomole manyumba ya Musonoi, simu yake haipite. Nilifikiri alishakufa. Sikufikiri hata kupiga simu, nilipanda basi kutoka Lubumbashi jana. Niko hapa Likasi, nimezunguka soko muzima, hakuna mwenye kumujua. Unipatie numero yake basi."

Mama Kabedi aligeuka polepole akamtazama binti yake. "Mignonne, Ngoyi eko wapi?"

Mignonne angeweza kusema namba imepotea. Angeweza kusema aliambiwa na mtu. Uongo wa pili ulikuwa karibu, tena mwepesi kuliko wa kwanza, lakini aliwaza yule mama akiendelea kuuliza meza kwa meza katika soko la watu asiowajua.

"Sijui, mama," alisema. "Hakuandika yeye. Mi njo niliandika. Nilisema bongo, nilitunga tu."

Kwenye simu wakasikia mtu akilia, kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika, na simu ikakatika.

Mignonne alingoja kupigwa. Mama Kabedi aliketi kwenye kibao na kufumba macho. "Nimechoka, mutoto," alisema. "Batu balitutosha mu nyumba, balitufukuza. Jina ya muzuri tu njo tulibakia nayo." Maneno hayo yalimuuma Mignonne kuliko fimbo yoyote. Baadaye mama alimpa simu, akamwambia apige mwenyewe. Mama Henriette alipokea, akasikiliza ombi la msamaha hadi mwisho. Akajibu kwa sauti ndogo, "Basi. Narudia Lubumbashi," akakata.

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa Jeancy. Walifuta zile sifa za kutunga, na mahali pake Mignonne akaandika haya: "Sifa zilizokuwa hapa zilikuwa za uongo. Niliziandika mimi, Mignonne. Naomba msamaha. Hatujui Mama Ngoyi wa Musonoi yuko wapi. Dada yake, Mama Henriette, anamtafuta. Anayejua atupigie."

Jeancy alisita, akamgeukia Mama Kabedi. "Tantine, hii itaharibu biashara."

"Weka," alisema Mama Kabedi.

Biashara haikuharibika. Watu wa Musonoi walianza kutumiana ukurasa ule, kutoka Likasi, kutoka Lubumbashi, hata kutoka Kasai. Waliingia kuangalia kama Ngoyi amepatikana, na kesho wakarudi kuangalia tena. Waliporudi waliona majina ya majirani wengine, wakaacha salamu zao na kusema wako wapi. Na kwa kuwa walikuwa hapo, na kikanda walikuwa wanakijua, wakaagiza. Tata Mukuna akaacha kuzunguka, akapata kazi ya kupeleka mizigo kwenye basi. Habari ya kwenda kusafisha mawe haikusemwa tena.

Mwisho kijana mmoja aitwaye Mbayo alipiga simu kutoka Fungurume. Mama Ngoyi alikuwa huko, akiuza makaa kando ya barabara, bila simu. Siku hiyohiyo dada wawili walizungumza kwa simu ya Mbayo hadi chaji yake ikaisha. Na kwenye tovuti yakaja maneno ya Mama Ngoyi mwenyewe, yaliyoandikwa na Mbayo: "Mi niko Fungurume. Mu Likasi sijafika hata siku moja. Na kikanda ya Kabedi inakuwaka na pilipili mingi. Munitumie kipande mbili."

Mignonne alisoma akacheka, kisha akawa na wasiwasi. "Mama, tutoshe ile ya pilipili? Bengine bataogopa."

"Iache," alisema Mama Kabedi. "Sikia, mutoto yangu. Kama unamudanganya mutu, atakuya mara moja, na siku anajua, harudie tena. Kama unamuambia kweli, atarudia hata kama ni kwa kulalamika. Ngoyi analalamika na anakomande. Huyo njo mukiliya."

Akachukua kisu, akakata vipande viwili vya Mama Ngoyi, na pembeni akaongeza kimoja kidogo cha bure. Mignonne alivifunga vizuri na kuandika juu ya mzigo, kwa herufi kubwa: Mama Ngoyi, Fungurume.