Ng'ombe Walirudi, Ndoa Ikabaki

Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapakupitika asubuhi ile. Odeta, pindo la gauni lake jekundu mkononi lisiguse maji ya samaki, aligongana na mwanaume aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa likanyooka.

"Pole mrembo. Ila moyo wangu ndio umeumia," alisema Maige, fundi wa injini za boti. Odeta akacheka, na kucheka huko ndiko kulikomponza.

Mapenzi yakawa moto moto. Ila kila jioni simu ya Maige iliita, jina "Justa," naye hutoka nje kuipokea. Jamani, mtu asiye na lake jambo ananong'ona nini? Wivu ukamtafuna Odeta.

Siku moja kabla Maige hajapeleka posa kwa wazazi wa Odeta Mkuyuni, alikuwa chumbani kwa Odeta simu yake ikaita. Odeta akaidaka.

"Haloo, we nani?"

"Justa, mke wa Maige."

Weee! Odeta akamgeukia Maige. "Kumbe una mke?"

"Tuliachana, mpenzi! Baba yake alirudisha ng'ombe wote wa mahari, wazee wakashuhudia. Kwetu Wasukuma hapo yamekwisha."

"Mlifunga ndoa wapi?"

"Bomani, kwa mkuu wa wilaya."

"Ng'ombe ndio wanavunja ndoa ya bomani? Ungenioa niwe nani, hawara? Huyu mkeo akitaka ananishitaki kwa ugoni!"

Justa alikuwa bado hewani. "Mdogo wangu, sikutakii ubaya. Kila siku namsihi twende baraza la kata, halafu mahakamani, tupate talaka. Na mimi nina mtu anataka kunioa. Yeye wimbo wake ni ng'ombe tu."

Odeta alidhani mwanamke anamrudia mumewe, kumbe anaomba kuachwa! Wivu ukaisha, ikabaki hasira.

"Mbona ulinificha, Maige?"

"Niliogopa ukisikia mahakama utanikimbia, laazizi."

"Dada Justa, Jumatatu atakuja barazani. Asipokuja nipigie mimi." Alikata simu, akamfungulia Maige mlango. "Nenda. Ukipata talaka, njoo mchana, watu wakuone."

Maige alinyoosha mkono amshike. Odeta aliurudisha nyuma wake, ingawa alitamani kumkumbatia. Alipobaki peke yake alilia kweli kweli, kisha akampigia mama yake.

"Shikamoo mama. Waambie wapishi wasije kesho."

"Marahaba. Kulikoni mwanangu? Amekukataa?"

"Hapana mama, ananipenda. Ila ni mume wa mtu."