Watano wa Callixte

Haya yalimpata dada yangu Verdiane, hapa Kalembe, na mimi nilikuwepo. Asiyeamini na aendelee kula ugali wake.

Ilikuwa mchana, tunapura maharage uani, mume wake Callixte aliporudi kutoka porini. Miaka minne ya vita. Kwetu mpiganaji hamgusi mtoto kabla wazee hawajamwosha mtoni kwa majani. Nani asiyejua? Lakini furaha ilimpanda dada yangu kichwani. Alimnyanyua Josiane, binti yao wa miaka sita, akamweka mikononi mwa baba yake. Mimi nilicheka. Sijajisamehe kwa kicheko kile.

Josiane alikuwa mtoto wa kelele, kulia kwake na kucheka kwake vilikuwa kitu kimoja. Tangu siku ile hakulia tena. Jembe likigonga jiwe, alilala kifudifudi, uso mkavu, akinong'ona majina matano ya wanaume. Sisi hatukuwajua.

Callixte aliwajua. Aliposikia mara ya kwanza, sahani ilimdondoka.

"Nilibaacha benzangu kwa mutego," akaniambia chini chini. "Balikuwa banalala chini, bananingojea nipige risasi ya kwanza. Mimi nikakimbia."

"Na bao benzako?"

"Bangali bananingojea."

Wazee walimwosha Callixte hatimaye, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Basi nikambeba Josiane hadi Mweso, kwa mama mmoja anayesikiliza watoto wa vita. Mtu mwema sana yule. Alimfundisha kwamba woga ukija, avute pumzi polepole, ahesabu mpaka tano, kisha aitoe.

"Fanya kama miye, mutoto wangu."

Josiane akavuta pumzi. Chumba kizima kikavuta. Vifua vizito, vya wanaume, nyuma yangu na kando yangu. Wakaitoa pamoja naye. Yule mama alishika meza kwa mikono miwili.

"Tantine, usiogope," Josiane akaninong'oneza mimi, mama yake mdogo. "Nabo banajifunza."

Callixte alipopata habari hiyo alikunja nguo zake mbili.

"Ni miye banataka," akamwambia dada yangu. "Nikienda, batanifuata."

Akashika njia ya Walikale kwa miguu. Hatujamsikia hadi leo.

Kesho yake Verdiane alisiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ili nyumba ianze upya. Akafunga mlango kwa kufuli, tukaenda shambani. Josiane hakushuka mgongoni mwangu kutwa nzima.

Tuliporudi jua lilikuwa bado juu. Kufuli ilikuwa palepale. Dada akafungua.

Sakafu ilikuwa na alama. Si nyayo. Viwiko. Viwiko vya wanaume watano waliolala kifudifudi, wote wakielekea mlangoni, pale tuliposimama. Katikati yao palikuwa na viwiko viwili vidogo.

Josiane aliteleza akashuka mgongoni mwangu, akaingia, akalala chini, akaweka viwiko vyake katika vile vishimo vidogo. Vilienea barabara.

Verdiane akamwita kwa jina lake. Akamwita tena. Mtoto alikuwa anatutazama usoni, mama yake na mimi, na hakutujua.