Kilo Sita za Chatu

Mimi sikuwepo, ila Severine, rafiki yangu anayeuza unga kwa jumla Kariakoo, si mtu wa kutunga maneno. Chatu aliyekuwa akimfuga stoo aligoma kula miezi miwili. Kila akiwekewa kifaranga, kesho yake kinakutwa kizima, kimejilalia juu ya mgongo wa nyoka. Lakini mzani wa magunia ulionyesha chatu kaongezeka kilo sita.

"Fortunata, unamlisha nini kwa siri?" alimbana dada yake anayemsaidia dukani.

"Haki ya Mungu, kaka, hata mlango wa stoo siugusi. Na wewe mbona umekonda hivyo?"

Hakumwamini. Mchana ule akajifungia stoo, funguo mfukoni, akampima chatu tena. Nyoka akajikunja palepale juu ya mzani. Mara umeme ukakatika. Stoo haina dirisha. Giza likawa totoro. Severine akatega sikio, labda kuna mtu kajificha.

Hakusikia mtu. Alisikia mshale wa mzani, tik, tik, ukipanda taratibu. Na kila ulipolia, suruali ilizidi kumlegea kiunoni.